Maji ya Banda Zima

Katika nyumba ile, akikohoa mmoja walikunywa dawa wote. Sheria hiyo haikutoka kwa daktari. Ilitoka bandani, nyuma ya nyumba, na aliyeiingiza ndani alikuwa Mama Kuku, mke wa fundi friji, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jambo moja: kuku wake hawakuwa wakifa ovyo.

Anayefuga kuku wa nyama hawezi kumshika mmoja mmoja akamuuliza anaumwa wapi. Akisikia chafya moja kwenye maranda, anajua kesho atasikia banda zima. Kwa hiyo hahangaiki na aliyepiga chafya. Anakoroga unga wa dawa kwenye maji na wote wanakunywa, mgonjwa na mzima, na asiyetaka anatakishwa na kiu. Mama Kuku alifundishwa hivyo na muuza dawa za mifugo, akajaribu, akaona matokeo. Majirani waliofuga kwa kubahatisha walizika kuku kwa viroba huku yeye akiuza, na baada ya muda wakaanza kuja kwake kuuliza ni pakiti ya rangi gani.

Kutoka bandani hadi sebuleni hapakuwa mbali, na sheria nayo haikuchelewa kuingia. Kwenye pakiti palichorwa jogoo aliyetunisha kifua, lakini jina la dawa chini yake lilikuwa lile lile la vidonge vya duka la dawa za binadamu, na bei ilikuwa ya kuku. Mama Kuku hakuwa mjinga. Alisoma, akalinganisha, akapunguza kipimo kwa kukadiria, akakoroga kwenye jagi la mezani na kulifunika vizuri inzi wasiingie. Mtu makini, tena msafi.

Mumewe, ambaye wateja walimwita Fundi, alikunywa bila kuuliza. Alikuwa mtu wa kumaliza kilichowekwa mbele yake na kurudi kwenye friji zake. Mama yake Fundi, mpishi mstaafu wa shule ya bweni, aliyepewa chumba cha mbele na kuitwa Bibi na kila mtu, aliyapenda maji yale. Alisema maji ya bomba hayana habari, ila haya unayasikia yanaposhuka. Kisha alikuwapo binti yao wa pekee, aliyepatikana baada ya kungojwa sana, bado anatambaa, wakamwita Kifaranga. Yeye fungu lake lilipitia kwenye uji, kwa kijiko.

Aliyekataa alikuwa mmoja tu, dada yake Fundi, karani wa benki, ambaye kila alipokuja kumsalimia mama yake alikuja na chupa yake ya maji na kukaa karibu na mlango kwa sababu ya harufu ya banda.

"Wifi, hata maji tu?" Mama Kuku alimuuliza Jumapili ile.

"Maji ya hapa nayaogopa. Na kuku wenu pia usinihesabie. Siwezi kula kitu kilichokunywa dawa kunizidi mimi."

"Ndiyo maana wana afya."

"Wana afya halafu wanachinjwa. Afya gani hiyo?"

Fundi alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi hakikuisha pamoja na kicheko. Mkewe alimtazama, akamtazama tena. Wifi alipoondoka tu, jagi likaenda jikoni.

*

Yalikuwa mafua, yale ya kuletwa na hewa inapobadilika, ambayo mtu akilala na kunywa maji ya moto yanajiondokea yenyewe. Fundi alipona haraka. Jagi likapata sifa lisiyostahili, na kwa sababu ya sifa hiyo likakorogwa tena, ili ugonjwa usirudi.

Kwa wengine haikuwa hivyo. Bibi alianza kwenda chooni, akaendelea kwenda, mpaka akawa anaweka kiti nje ya mlango wa choo ili asitembee mbali.

"Mwanangu, tumbo langu limekuwa la mtu mwingine," alimwambia mkwewe akiwa ameshika ukuta.

"Ni dawa inasafisha, mama."

"Inasafisha nini tena? Hakijabaki kitu."

"Hata kuku huwa hivyo mwanzoni."

"Haya. Nikianza kutaga nitakuita."

Kifaranga yeye hakuwa na maneno. Alikuwa na nepi, na nepi zilisema. Asubuhi zilijaa kamba nzima uani, jioni zikajaa tena, na ngozi ya mapaja ya mtoto ikawa nyekundu hata kuiosha kwa maji ya vuguvugu ilikuwa vita. Mama Kuku hakukaa akitazama. Bandani, dawa ya kwanza ikishindwa unabadilisha rangi. Aliacha pakiti ya bluu akashika ya kijani, na ya kijani ilipomfunga mtoto kidogo kisha ikamwachia, akashika ya njano, ambayo muuza dawa alimwambia ni kali, ya kutumia pale mtu anapokaribia kukata tamaa. Alimpa kwa ncha ya kijiko. Alimpenda mtoto yule kupita kipimo cha kawaida, na hakuna alichomnyima, hata dawa.

Mtoto akaacha kuhara. Nyumba ikapumua. Bibi akasema angalau mmoja kapona. Kisha Fundi, ambaye hakuwa mtu wa kutambua mambo, akatambua.

"Huyu mbona hachezi?"

"Amechoka. Ameumwa."

"Nimemtekenya. Amenitazama tu."

Mama Kuku alimshika paji la uso, akaweka mkono mwingine kwenye paji lake mwenyewe kulinganisha. Akampa ziwa. Kifaranga alilishika kwa midomo, akaliachia, akafumba macho. Walipitia duka la dawa, wakauziwa antibiotiki ya maji yenye ladha ya chungwa, wakampa. Homa haikujali. Alipoanza kupumua haraka haraka na miguu ikawa ya baridi huku tumbo likichoma, Fundi aliacha friji ya mtu ikiwa imefunguliwa mgongo, wakaenda hospitali.

*

Wodi ya watoto ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya juu na ukuta uliopakwa rangi ya mafuta hadi usawa wa kiuno, ili ufutike. Vitanda vilikaribiana kiasi kwamba mama wa kitanda kimoja akigeuka alimwamsha wa kitanda cha pili. Kifaranga alitafutwa mshipa mkononi, ukakosekana, ukatafutwa mguuni, ukakosekana, ukapatikana kichwani. Walimnyoa kiduara kidogo pale sindano ilipoingia. Mama Kuku aliokota zile nywele akazifunga kwenye ncha ya khanga, kwa sababu hakujua jingine la kufanya na mikono yake.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa raba na kuongea kwa sauti ya chini. Wifi naye alikuwa ameshafika kutoka benki, na sare yake, na kitambulisho kikining'inia shingoni.

"Kabla ya kuja hapa mtoto ametumia dawa gani?"

"Ile ya chungwa, daktari. Chupa hii."

"Nyingine?"

Mama Kuku alimwona Wifi akisogea ili asikie vizuri.

"Hakuna nyingine."

Daktari akaandika. Damu ya mtoto ikachukuliwa kupelekwa maabara, waioteshe waone ni bakteria gani, na huku wakisubiri majibu akaanzishiwa sindano, ile ambayo hospitali huanza nayo watoto wengi. Mama Kuku aliitazama ikiingia kwenye mpira. Jina lake aliliona kwenye kichupa. Alilifahamu. Pakiti ya bluu.

Angeweza kusema wakati ule. Alijiambia kwamba dawa ya hospitali haiwezi kuwa sawa na ya kuku, hata majina yakifanana, na kwamba daktari ni daktari. Ukweli ni kwamba alimwogopa Wifi kuliko alivyoiogopa homa, na hilo alilitambua baadaye, na lilimuuma kuliko yote.

*

Sindano haikufanya kitu. Kifaranga alilala macho nusu wazi, na akiguswa alilia kilio kidogo kisicho na hasira, na hicho ndicho kilichomtisha mama yake, maana mtoto yule alikuwa na hasira za kutosha tangu azaliwe. Mama wa kitanda cha jirani, ambaye mwanawe alikuwa akipona kifua na kushinda akiburura gari la chupa ya plastiki chini ya vitanda, alimpa blanketi lake. "Funika miguu, dada. Mimi wangu ameshapata joto."

Daktari aliporudi hakusimama miguuni mwa kitanda kama siku zote. Alikaa pembeni.

"Majibu ya damu yametoka. Kuna bakteria ameingia kwenye damu, na ni bakteria wa tumboni, mahali ambapo angekaa bila kumsumbua mtu. Tatizo ni kwamba tumemjaribu kwa dawa moja baada ya nyingine na hashtuki. Mtoto wa umri huu, ambaye hajawahi kulazwa, sitegemei awe na bakteria sugu namna hii. Ndiyo maana nauliza tena. Amekunywa nini?"

Wifi alikuwa amesimama dirishani. Fundi alikuwa akitazama vidole vyake vyenye grisi.

"Nyumbani kuna dawa," alisema Mama Kuku. "Ya bluu. Halafu nikampa ya kijani. Halafu ya njano."

"Za nini?"

"Za kuku."

"Mama, nauliza za mtoto. Za kuku sikuuliza."

"Ni hizo hizo, daktari."

Wodi haikunyamaza, watoto hawajui wakati wa kunyamaza. Lakini mama wawili watatu waliokuwa karibu waliacha walichokuwa wakifanya. Wifi akasema, bila kupaza sauti, "Mungu wangu, amemlisha mtoto dawa ya kuku," na ilikuwa dhahiri kwamba kabla ya jioni ukoo mzima ungekuwa na sentensi hiyo.

Daktari hakushtuka, au kama alishtuka aliweka mbali. Alimtuma Fundi nyumbani akalete pakiti zote, tupu na zenye dawa. Fundi alirudi na mfuko wa rambo, akaumimina juu ya meza ya manesi, na majogoo wakatapakaa, wote wametunisha vifua. Nesi mmoja aligeuka kuficha kicheko. Daktari alizipanga pakiti zile kwa majina yake, akachukua karatasi ya maabara, akawa anasoma na kusukuma pembeni. Hii haifanyi kazi. Hii haifanyi kazi. Hii nayo. Fundi alisimama pale akiona pakiti zinavyosukumwa, na kwa mara ya kwanza akaelewa kuna kitu kinaisha.

"Nani mwingine amekunywa?" daktari aliuliza.

"Wote," alisema Mama Kuku. "Akiumwa mmoja tunakunywa wote. Lakini yeye baba yake hakudhurika. Bibi yake anaharisha mpaka leo. Na huyu mmemwona wenyewe. Maji yalikuwa yale yale, daktari. Kwa nini hawakuwa sawa?"

Lilikuwa swali la mfugaji, na daktari alilijibu kwa heshima.

"Tumboni mwa mtu kuna bakteria wasiohesabika, na wengi wao ni watu wema. Wanasaidia kusaga chakula na wanakalia nafasi, wabaya wakose pa kukaa. Dawa hizi hazichagui. Zinafagia wema na wabaya, wanabaki wale wasiosikia dawa, halafu hao ndio wanaozaana. Mumeo ana tumbo la mtu mzima, wakazi wake ni wa siku nyingi. Ukiwafukuza, wengi wanarudi, ingawa nao si wote. Huyu mtoto wa kwake ndio kwanza walikuwa wanahamia. Umefagia nyumba ambayo haijajaa. Na mama mkwe wako, kwa umri ule waliobaki si wengi, na dawa amekunywa maisha yake yote. Hao wachache wakiondoka, kurudi kwao ni kazi. Mleteni naye apimwe. Na asinywe tena hayo maji."

"Kama vifaranga kwenye maranda mapya," alisema Mama Kuku. "Wale wa siku moja, wasiokaa na mama yao. Chochote kinawapata."

"Kuku siwajui, mama. Ila nadhani ndivyo."

"Atapona?"

Daktari alirudi kwenye karatasi ya maabara. "Imebaki dawa moja ambayo karatasi inasema bakteria huyu anaisikia. Ni ya mshipani, na hapa kwetu imekwisha. Iko duka kubwa la dawa, na si rahisi. Lakini akianza leo nina matumaini. Kesho sijui nitakuambia nini."

*

Duka lilitaja bei, na Fundi aliyekwenda kuuliza akaomba atajiwe tena, akidhani wamesoma mstari wa chini. Hawakuwa wamekosea. Nyumba ile haikuwa na kitu cha bei hiyo ila kimoja, na kilikuwa bandani, kimebakiza kidogo tu kufika uzito wa soko. Fundi alimfuata mtu aliyemjua, mwenye mgahawa wa mbele ya lango la hospitali, ambaye jokofu lake alikuwa amelitengeneza mara nyingi kuliko alivyolipwa. Mwenye mgahawa alikubali kuchukua kuku wote, tena siku hiyo hiyo, akaja na gari na matenga. Mama Kuku alimwacha Wifi na mtoto akakimbilia nyumbani, kwa sababu kuku wale hawakuwa wakiuzwa bila yeye.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake nje ya choo. Alikuwa amekonda mashavu, lakini alijitahidi kusimama.

"Mtoto?"

"Bado, mama. Tunauza kuku tukanunue dawa."

"Uzeni. Wako wazima kabisa, nimekulindia. Jana jioni nilisikia mmoja anapiga chafya, nikawakorogea ile iliyobaki koponi, ya njano. Si ndiyo kali? Banda zima wamekunywa."

Alisema kwa fahari. Alikuwa mzee anayeumwa aliyejikokota hadi bandani kwa ajili ya mali ya mkwewe, akafuata sheria aliyofundishwa, na hakukosea hata hatua. Mama Kuku alimshukuru.

Kwenye zile pakiti kulikuwa na mstari unaosema kuku akishakunywa dawa asichinjwe wala asiuzwe mpaka muda fulani upite, dawa imtoke mwilini. Mama Kuku aliujua mstari ule tangu zamani. Mara nyingi aliufuata, kwa kuwa mara nyingi hakuwa na haraka.

Mwenye mgahawa aliingia bandani akashika mmoja kifuani, akamrusha, akashika mwingine.

"Wako vizuri hawa."

"Wamekunywa dawa jana," alisema Mama Kuku.

Fundi aligeuka.

"Jana lini?"

"Jana jioni. Tena kali. Hawafai kuchinjwa sasa hivi. Wachukue, lakini wakae kwako kwanza, dawa iwatoke."

Mwenye mgahawa alijikuna kidevu akifikiri. Mama Kuku alidhani anawafikiria wateja wake. Alikuwa akifikiria bei.

"Mama, mimi nina mgahawa, sina banda. Hawa watakaa wapi, juu ya meza? Ukitaka wasubiri, wasubiri hapa kwako, na mimi nitatafuta wengine."

"Tunahitaji pesa leo."

"Basi na mimi nahitaji kuku leo. Ila kwa vile umeshaniambia, siwezi kujifanya sikusikia. Kuku wa dawa si wa bei ile tuliyosema na mzee hapa. Mnipunguzie."

Akataja punguzo, na halikuwa dogo. Fundi alijaribu kumkumbusha jokofu. Mwenye mgahawa akasema jokofu ni jokofu na kuku ni kuku. Mwishowe matenga yalijaa, gari likaondoka na kelele zake, banda likabaki maranda na vyombo vya maji.

"Sasa ulimwambia ili iwe nini?" Fundi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hasira. "Hakuacha kununua. Watu watakula vile vile. Umempunguzia tu."

"Nilidhani atakataa."

"Akikataa, dawa ya mtoto ungeinunua na nini?"

Mama Kuku aliinama kukusanya vyombo vya maji. Alikuwa amesema kweli huku akiomba moyoni mwenye mgahawa asijali, na mwenye mgahawa hakujali, na yeye alifarijika. Alijua alifarijika, na akajiona mchafu.

Pengo lile la pesa alilijaza Wifi. Alilijaza lote, bila kuombwa mara mbili, lakini alilijaza kwenye varanda ya wodi, mbele ya shangazi wawili na nesi aliyekuwa akipita. "Mimi sisemi kitu," alianza, na akasema kwa muda mrefu. Alisema juu ya usomi ambao watu wengine wanaudharau, juu ya harufu, juu ya chupa yake ya maji ambayo watu walikuwa wakiicheka. Mama Kuku alisimama amekunja mikono, akaitikia "ndiyo, wifi" kila palipohitaji kuitikiwa. Angemwitikia hata angeambiwa apige magoti. Dawa ilipofika alimshika Wifi mkono akaubusu, na Wifi, ambaye hakuwa amejiandaa kwa hilo, alilia kabla yake.

*

Dawa ile ilifanya kazi. Haikuwa kwa kishindo. Kwanza miguu ya Kifaranga ilipata joto, kisha tumbo likapoa, kisha siku iliyofuata nesi alipokuja kubadilisha mpira, mtoto alimpiga teke. Mama Kuku alilitazama teke lile akacheka mpaka wenzake wakageuka. Mchana Kifaranga alishika ziwa, akalivuta kweli, akakunja uso kwa ghadhabu lilipochelewa.

Daktari alipita akasema wanaelekea pazuri, ila dozi imalizwe yote na tumbo la mtoto lipewe muda. Lingechukua miezi kukaa sawa, pengine zaidi, na maradhi mengine madogo yangekuja katikati. Yakija, mama aje kuuliza kwanza. Bibi alikuwa amepimwa na kulazwa wodi nyingine, akipewa maji ya dripu na kulalamika kwamba hayana ladha.

Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa. Wifi alikuwa amekaa kwenye stuli, viatu amevua, akimpepea Kifaranga kwa bahasha. Mume wa mama wa kitanda cha jirani aliingia na kifurushi cha karatasi ya fedha, akakifungua juu ya kitanda, na harufu ya kuku wa kuchoma ikaenea wodi nzima. Alikuwa amemnunua pale langoni. Alisema leo wameshusha bei, foleni imefika barabarani.

"Karibu, dada," mama wa jirani alimwambia Mama Kuku, akimnyooshea paja. Ndiye yule aliyempa blanketi. "Kula, unanyonyesha."

"Asante. Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Hujala tangu asubuhi, nakuona."

"Nimeshiba, dada."

Mama wa jirani hakulazimisha. Alimvuta mwanawe kutoka chini ya kitanda, akamfuta mikono, akaanza kuchambua nyama ya kifua vipande vidogo vidogo, akiipuliza ipoe. Mtoto alisimama amefumbua kinywa, mkono mmoja bado ameshika kamba ya gari lake.

Wifi aliacha kupepea. Naye alikuwa ameelewa. Aliuweka mkono juu ya goti la Mama Kuku, akaubonyeza chini.

"Wifi, tulia," alinong'ona. "Tafadhali. Watu wanatazama."

Kipande kimoja kisingemuua mtoto yule. Daktari mwenyewe angesema hivyo. Mama Kuku alilijua hilo, na alijua kwamba ukweli ulikuwa umeshamgharimu mara moja bila kumsaidia mtu yeyote, na kwamba akinyamaza sasa mchana ungepita na angerudi nyumbani na mtoto wake mzima, jambo ambalo siku chache nyuma angetoa chochote duniani kulipata. Aliutoa mkono wa wifi yake gotini, akasimama.

"Dada, usimpe mtoto huyo kuku."

Mama wa jirani alishika kipande hewani. "Kwa nini?" Alikinusa. "Mbona hajaharibika?"

"Hajaharibika. Amejaa dawa. Hakutakiwa kuchinjwa bado."

"Nani kasema?" aliuliza yule mume, ambaye alikuwa amepanga foleni. "Wewe unamjuaje kuku aliyechomwa?"

Nesi aliyekuwa mlangoni alisimama. Wifi aliinamisha uso, akaufunika kwa ile bahasha.

"Namjua," alisema Mama Kuku. "Nimemfuga mimi."